Kazi ya Msimamizi Hairudishwi

Neno lake lilikuwa moja: rudisha. Kwa ulimi wake wa Kisukuma lilitoka "ludisha," na hakuna mtu aliyepita kiwandani kwetu Nyakato asiyeweza kumwigiza akilisema, mikono nyuma, kidevu juu, sauti imekauka. Alikuambia ludisha ukiwa umekaza nati nusu. Alikuambia ludisha ukiwa umefagia katikati ukaacha pembeni. Hata mama lishe wetu aliwahi kurudishwa getini na sufuria lake kwa sababu maharage hayakuiva. Kesho yake akaleta yaliyoiva, akamwamkia kwa heshima zote, akamtukana alipofika mbali.

Sote tulimwita Msimamizi. Jina lake ninalijua, lakini sijawahi kulitamka mbele yake na hapa pia sitalitamka. Mimi sipo tena kiwandani pale. Kwa nini sipo, hiyo ndiyo habari yenyewe, lakini nikianzia huko nitaonekana natafuta huruma, na sitafuti.

Tulikuwa tunaunda guta, zile pikipiki za magurudumu matatu zenye bodi ya mizigo. Injini, magurudumu na taa vilikuja kwenye makasha kutoka nje. Fremu tulizichomelea wenyewe, maana fremu za kuja hazikuziweza barabara zetu. Zamani kazi ilikwenda kwa laini moja. Fremu iliwekwa juu ya toroli, toroli juu ya reli iliyozamishwa sakafuni, ikasukumwa kutoka mtu hadi mtu mpaka mlango wa nyuma, ikatoka guta. Tulisogea wote kwa pamoja, tena kwa filimbi, na filimbi ilikuwa shingoni kwa Msimamizi. Akipuliza mara moja, sukumeni. Akipuliza mara mbili, simameni wote, hata anayefunga vioo kule mwisho ambaye hajui huku mwanzo kumetokea nini. Kuna siku tulisimama saa nzima kwa ajili ya bolti moja ya mtu mmoja. Siku hizo tulimchukia kabisa. Msije mkadhani nasifia marehemu, kwanza hajafa.

Alikuwa na nyundo ndogo yenye mpini uliong'aa kwa jasho la kiganja chake. Kila fremu iliyomaliza kuchomelewa aliigonga shingoni, pale usukani unaposhika, akainamisha sikio. "Chuma kizima kinaimba," alikuwa anatuambia. "Chuma chenye ufa kinakohoa." Akishagonga alipitisha kidole gumba juu ya mshono, taratibu, kama mama anayempapasa mtoto homa. Kisha ndipo anaandika alama ya chaki. Guta isiyo na chaki yake haikutoka, hata bosi angekuja na mnunuzi amesimama getini.

Mfuko wa ovaroli yake haukukosa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani. Alitafuna siku nzima. Alivimwaga kwenye gazeti juu ya meza, akawa anachukua kimoja kimoja huku macho yapo kwenye kazi zetu. Siku moja akachukua nati iliyokuwa imelala kando ya gazeti, akaiuma. Sauti ya jino tuliisikia mpaka kule kwa wapaka rangi. Alitema, akaendelea kutembea na mikono nyuma. Tulicheka wiki nzima. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, na hiyo inaniuma mpaka leo, kwa sababu nati inang'aa na mchembe haung'ai, na mtu mwenye macho hawezi kuvichanganya mchana kweupe.

Kanisani aliimba besi. Mtu yule yule aliyewaliza vijana kwa maneno, kwenye harusi za watu alikuwa analia yeye, anatoa kitambaa kabla hata bibi harusi hajaingia. Alichukia uchelewaji, na kila Jumatatu alichelewa kwa sababu alipitia kwanza kuwaona ng'ombe wake, wawili tu, waliowekwa kwa ndugu yake. Alituambia kosa la kuficha ni makosa mawili. Halafu na yeye akaficha.

Mimi nilifika pale nikiwa sijui hata kushika spana, mjane mwenye binti mmoja. Wiki yangu ya pili mtu wa usukani aliugua, Msimamizi akashika nafasi yake. Fremu ikanifikia. Nikaona chini ya nati hakuna washa, kile kipete bapa cha kuizuia isilegee. Sikujua kwamba kuna watu wa kuambiwa na watu wa kunyamaziwa. Nikasema kwa sauti, "Hii haina washa, siisukumi."

Jirani yangu akanikanyaga mguu. Msimamizi akaja, akainama, akagusa kwa kidole. Akavua kofia. Nikajua nimeshafukuzwa.

"Ludisha," akasema, kwa kazi yake mwenyewe. Akapuliza filimbi mara mbili, laini yote ikasimama kwa kosa lake, akafungua nati, akatia washa, akafunga. Kisha akanishika bega, akanigeuza kwa wenzangu. "Mnamwona huyu? Siku huyu akinyamaza, muogope."

Tangu siku ile akawa ananifundisha. Sikuwahi kuona mtu anayefundisha kwa kukataa namna ile. Alikataa kazi yangu mpaka nikaanza kuikataa mwenyewe kabla hajafika. Mama yangu alipofariki, alikuja msibani kwetu na guta imejaa kuni, akavua shati la kanisani, akapasua kuni zile peke yake tangu asubuhi. Wanaume wengine walimwomba awaachie shoka, akawaambia wakae. Hakuniambia pole hata mara moja. Alipomaliza alinawa mikono, akala, akaondoka. Mimi nilimwangalia kupitia dirishani nikasema moyoni, mtu huyu nikimkosea Mungu anihukumu.

Basi mfumo ukabadilika. Alikuja injinia, kijana mwenye adabu, mpole, akatukusanya akachora ubaoni. Reli itang'olewa. Badala ya laini moja kutakuwa na vituo, kila kimoja na kompyuta yake ndogo na kioo chake. Toroli mpya zina magurudumu ya kwenda popote. Kioo kitakwambia kituo gani kipo wazi, uipeleke huko. Kituo kimoja kikiharibika, vingine vinaendelea. Hakuna wa kupuliza filimbi. Kila kituo kina vitufe viwili: kijani, nimepokea kazi ya mwenzangu nimeridhika nayo, chekundu, nairudisha. Ukibonyeza chekundu, taa nyekundu inawaka juu ya kituo kilichokosea, na haizimiki mpaka kazi irudiwe.

"Hapa hakuna mkubwa," injinia akasema. "Kila mtu ni msimamizi. Mkono ukiumia, mwili mzima haulali."

"Wangu huwa unalala," Msimamizi akamjibu. Tukacheka, injinia naye akacheka. Mzee akasubiri kicheko kiishe. "Kituo kikikosea, nani anakiona?"

"Kituo kinachofuata, Mzee."

"Na kinachofuata kikiona haya?"

Injinia akafikiri swali linahusu kompyuta. Akajibu kwamba kuna kumbukumbu, kila kitufe kinaandikwa kimebonyezwa na nani. Msimamizi akatikisa kichwa, akaivua filimbi shingoni, akaitia mfukoni pamoja na michembe.

Nisidanganye, mfumo ulikuwa mzuri. Guta zilitoka nyingi kuliko zamani na miguu ikapungua kutuuma. Kukawa na uhuru. Tatizo lilikuwa yeye awekwe wapi, maana kazi yake haikuwepo tena. Bosi akampa kituo cha shingo, achomelee, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoanza nayo ujana wake. Vituo vya shingo vilikuwa viwili na vya usukani viwili. Kimoja cha usukani nilikuwa mimi. Msimamizi akaenda kwa injinia akaomba kwamba kila fremu anayochomelea yeye ije kwangu, isiende kwa mwingine. Nilisikia, nikafurahi. Nilijua ananipenda kama binti yake.

Mwanzoni mishono yake ilikuwa ile ile ya kutamanisha. Halafu ikaanza kuyumba. Nikaona anasogeza uso karibu na chuma mpaka kinyago kinagusa moto. Nikaona akivua kinyago anajifuta macho kwa kitambaa muda mrefu, na kitambaa akakitazama kwanza, kama asiye na hakika kwamba kipo. Ningebonyeza chekundu, taa ingewaka juu ya kichwa chake, na vijana wote aliowarudishia kazi miaka yote wangeiona. Wapo waliokuwa wanaisubiri. Basi nikabuni njia yangu. Wenzangu wakienda kula, naibeba fremu mwenyewe mpaka kwake, nasema, "Mzee, hapa naona pamebaki kidogo." Anapapasa, anachomelea tena, harudishi neno. Kompyuta haikujua. Nilidhani nimekuwa mwerevu sana.

Siku ile kulikuwa na wageni. Injinia alikuwa anawatembeza watu waliovaa viatu vya kung'aa, anawaonyesha toroli zinavyojua kwa kwenda. Fremu ikaja kwangu. Mshono wa shingo ulikuwa umepanda upande mmoja wa bomba; upande wa pili chuma kimeguswa tu, hakijashikana. Hata mtoto angeona. Nikainua macho. Msimamizi amesimama mbele ya wageni, amevaa kofia mpya, injinia anasema, "Huyu ndiye mzee wetu, amefundisha kila mtu hapa." Wageni wakampigia makofi.

Nikabonyeza kijani.

Nilisema moyoni nitaifuata wakati wa chai. Zamani ningejua ni ya ngapi kwenye reli, ningeikuta imesimama pale pale. Sasa hakukuwa na reli. Nilipomaliza usukani, toroli ikaitwa na kituo kilichokuwa wazi, kutoka hapo ikaitwa na kingine. Wakati wa chai nikakuta fremu tisa zimepakwa rangi, na rangi inafunika kila kitu. Nyundo ningeweza kuomba. Kugonga ningeweza, masikio ninayo. Lakini ningeulizwa natafuta nini, na ningejibu, natafuta kosa la Msimamizi. Nikanywa chai.

Guta ile ilivunjika shingo kwenye mteremko karibu na Kisesa ikiwa na magunia ya mpunga. Dereva alikufa pale pale. Ilirudishwa kiwandani juu ya lori, tukaiona wote, bomba limeachana safi upande ule ambao moto haukuingia. Nilirudi kituoni kwangu, nikafunga usukani wa fremu iliyofuata.

Tuliitwa ofisini wawili. Kompyuta ilikuwa imeandika vizuri kabisa: kachomelea huyu, kapokea huyu. Injinia alikuwa amekonda kwa siku mbili, hana hata sauti. Bosi akanigeukia mimi. "Hukuona?"

Kabla sijafungua mdomo, Msimamizi akasema, "Aliona. Alikuja kuniambia irudi, mimi nikamkatalia. Nikamwamuru apokee. Yeye hana kosa."

Mtu ambaye sikuwahi kumsikia akidanganya, hata kwa mzaha. Nikamtazama. Alikuwa ametazama ukutani. Bosi akaniuliza, "Ni kweli?" Nikainamisha kichwa, na kichwa kilichoinama watu hukisoma wanavyotaka. Jioni ile Msimamizi alifungasha nyundo yake akaondoka kwa mlango wa nyuma, ule zinakotokea guta. Hakuna aliyemsindikiza. Mimi nilikuwa kituoni kwangu.

Nikaendelea na kazi miezi mingi. Nilikula mshahara ule na haukunikaa tumboni. Taa nyekundu kiwandani karibu haikuwaka tena kabisa, si kwa kuwa kazi ilikuwa nzuri. Watu walijifunza kwamba ukiona kitu utaitwa ofisini, usipoona hutaitwa.

Nilikwenda kwake Mkolani Jumamosi moja, nimebeba sukari na majani ya chai, na maneno yangu nimeyapanga. Mke wake alinipokea, akanionyesha nyuma ya nyumba. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, anatengeneza majiko ya mkaa kwa mabati ya madebe, vipande vimetandazwa mbele yake kwa mpangilio, anavitafuta kwa vidole. Mboni zimeingia ukungu mweupe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akageuza sikio. "Wa usukani. Umechelewa, ila karibu."

Nikakaa. Kabla sijaanza, akainua jiko alilotoka kulifunga miguu, akanipa. "Liangalie hilo. Likoje?"

Mguu mmoja ribiti, kile kimsumari cha kuunganisha bati, haikushika. Ulicheza mkononi mwangu. Nilikwenda pale kusema kweli, nimesafiri nayo tangu asubuhi, na mdomo wangu ukasema, "Zuri, Mzee."

Akalichukua, akaliweka chini, akalibonyeza kwa kidole kimoja. Likalala upande. Tukalitazama, ningesema tukalitazama wote, lakini nilikuwa natazama mimi.

"Hata leo, binti?"

Nililia. Sikulia ofisini wala msibani kwa mama sikulia hivyo. Nikamwambia yote, kwamba niliuona mshono, niliona upande ule haujashika, kwamba nilibonyeza kwa sababu ya wageni, kwa sababu ya makofi, kwa sababu ya zile kuni. Akaniacha mpaka nikamaliza.

"Najua uliona," akasema. "Macho yangu nilijua yanakwisha tangu nilipouma ile nati. Nikaogopa kusema. Ningekuwa nani pale, mfagiaji? Nikajiambia, kuna mtu mmoja katika kiwanda kile aliyewahi kunikatalia mbele ya watu. Ngoja kazi yangu ipite kwake. Nikikosea, atanirudishia. Ndiyo maana nilikuomba."

"Nilidhani unanipenda."

"Kukupenda nilikupenda. Lakini sikukuomba kwa hilo." Akapapasa, akaokota nyundo yake ndogo. "Ulinikatalia ukiwa hunijui. Nimekaa nikiwaza, ni kuni zile? Nisingekuja na kuni, yule mtu angekuwa hai?"

Swali hilo ninalo mpaka sasa.

Akanieleza kwamba alikwenda Kisesa kwenye msiba wa yule dereva, akakaa na wanaume siku nzima, akala ugali wao, na mjane alipopita kuwashukuru waliofika, alimshukuru na yeye. Hakusema yeye ni nani. Watu wa kiwanda walifika na maneno mazuri, wakasema barabara, wakasema mzigo ulizidi. Mjane yule hadi leo anaamini mume wake alijiua mwenyewe kwa uroho wa magunia.

"Nipeleke," akasema. "Njia siioni tena. Nitasema nilichomelea nikiwa sioni. Na wewe utasema uliona."

"Nina mtoto, Mzee. Yuko kidato cha pili. Nikisema, kazi hakuna. Labda na zaidi ya kazi."

"Yule dereva pia alikuwa na watoto."

Ng'ombe walilia jirani. Mke wake akaleta chai, akatutazama nyuso, akaiweka akarudi ndani bila kutukaribisha. Msimamizi akalisukuma lile jiko kwa mguu mpaka likagusa goti langu.

"Basi tuanze na hili. Likoje?"

Nikalishika ule mguu. Ulicheza. Nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa ile wiki ya pili.

"Bovu, Mzee. Lirudi."

"Wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma, taratibu, akalivuta kwake akaanza kuing'oa ribiti. "Kesho ni Jumapili, watakuwa nyumbani. Njoo saa moja."

Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwake.